Kiti cha Wanaosubiri

Nyumba ya wageni, mpakani
3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na mama naye mzima pamoja na magoti yake. Mimi nimefika salama isipokuwa mgongo. Siku mbili nzima nimekalia kiti cha basi chenye chuma kilichochomoza, na sasa chuma kile kinanijua kuliko ndugu zangu.

Nikushukuru tena kwa ramani. Abiria wenzangu wote wameiona, wapende wasipende. Niliwafuatishia kwa kidole ule mstari wako wa kalamu nyekundu: hapa tambarare, hapa ziwa, hapa magofu ya wafalme juu ya kilima, hapa jangwa, na mwisho kabisa bahari ya upande wa pili wa bara. Mzee mmoja aliyepakata dumu la mafuta akaniuliza huko kote nakwenda kwa nani. Nikamwambia siendi kwa mtu, nakwenda kuona watu wanavyoishi na wa kale walivyojenga. Akanitazama sana, kisha akasema mtembezi hula miguu yake. Nikacheka. Miaka tisa nimeshona sare za shule, ramani hiyo ikiwa ukutani mbele ya cherehani, na miguu yangu haijaliwa na kitu zaidi ya pedeli.

Mwenye nyumba hii ni mama mmoja mpana anayeita wageni kwa namba za vyumba. Mimi ni Namba Saba. Alipoona sindano zangu aliniletea pazia lililochanika, nikalishona kabla chai haijapoa. Dirisha langu linatazama ofisi ya mpaka. Foleni inaanza alfajiri, na kesho nami nitakuwa ndani yake.

Barua nitumie kwa anwani ya hapa. Madereva wa malori wanalala hapa kwenda na kurudi, watanifikishia popote nilipo.

Mpwa wako,
Namba Saba


Nyumbani
21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Magoti ya mama yako yametabiri mvua mara tatu na kukosa mara tatu, lakini bado tunayasikiliza. Anasema usinywe maji ya watu usiowajua. Nakuandikia kama alivyosema.

Barua yako niliifungua kwa kinyozi, Jumamosi, mbele ya watu. Usinikasirikie. Karibu wote wanaonyolewa pale nimewafundisha jiografia, na waliposikia mpwa wa Mwalimu amekwenda kulivuka bara, walitaka kusikia. Tumeweka utaratibu: barua ikifika siichungulii, naifungua palepale, nasoma kwa sauti, mkasi unasimama. Mwalimu mkuu wa shule yangu ya zamani naye alikuja. Anataka safari ikiisha barua zote zibandikwe darasani chini ya ramani, watoto wasome jinsi bara lao lilivyoonwa na mtu wa mtaani kwao. Kwa hiyo andika mwandiko mzuri, mama. Jina langu liko mikononi mwako.

Yule dereva niliyemfundisha, tuliyemwita Swali kwa sababu mkono wake ulikuwa haushuki, lori lake limekufa injini tangu mwaka jana, kwa hiyo ana muda. Kila siku anauliza utafika lini kwenye kile kiti cha magofuni. Nimemwambia asikuharakishe. Tena nimefikiri. Nasikia barabara ya magofu imeharibika. Mstari ule mwekundu niliuchora zamani, si amri. Pita kando, nenda moja kwa moja jangwani. Mawe ni mawe.

Mjomba wako


Kando ya ziwa
4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia, msafiri hana meza. Mwambie mama maji nayachemsha.

Mawe ni mawe? Wewe ndiye wa kusema hivyo? Nilikuwa dawati la pili uliposimulia kiti cha wanaosubiri. Jiwe moja kubwa kando ya lango la mfalme, limebonyea katikati kwa kukaliwa na watu waliosubiri kuitwa, na kwenye mkono wa kushoto pana mfereji mwembamba uliochimbwa na kidole gumba cha kila mwenye hofu. Ulituambia ulikaa pale ukiwa kijana, na kidole chako kikaingia kwenye mfereji bila kutumwa. Darasa zima tulisugua madawati kwa vidole mpaka kengele ikalia. Siwezi kupita kando.

Ziwa ulilotuchorea kwa chaki ya buluu lilikuwa dogo mno. Asubuhi maji ni ya kijivu, saa nne ni ya kijani, na mchana huwezi kuyatazama. Upo mtaa wa wafumaji ambao kila mlango umefungwa uzi wa rangi inayofumwa ndani, kwa hiyo mnunuzi hapotezi muda wa kubisha hodi. Lipo jumba la makumbusho lenye ngoma kubwa iliyochanika. Mlinzi anasema haishonwi, mpasuko ndio historia yenyewe. Mimi fundi nilijisikia vibaya kidogo.

Barua hii nampa dereva anayerudi, aitie sandukuni huko kwetu. Posta za huku ni mbovu, hupoteza. Kwa hiyo usishangae stempu. Naishia hapa, kuna shuka za kupindwa kabla ya saa sita.

Mpwa wako


Nyumbani
27 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako amepata miwani. Sasa anaona vumbi lote tulilokuwa tukiishi nalo kwa amani.

Barua ya ziwa ilisomwa Jumamosi, na ngoma iliyochanika iliwapendeza sana. Ila kinyozi ni mtu wa kutazama vitu kwa karibu. Kabla sijaifungua aliigeuza bahasha akauliza mbona stempu ni ya kwetu na muhuri ni wa mpakani. Nikamjibu, tena kwa ukali, kwamba posta za huko ni mbovu. Dakika chache baadaye nikayakuta maneno hayohayo ndani, kwa mwandiko wako. Watu wakasema ama kweli damu ni moja.

Shuka za kupindwa ni za nani? Usijibu kama una haraka.

Kuhusu magofu, nakuomba mara ya pili. Ngazi ni nyingi na wewe una kifua. Hakuna atakayekulaumu.

Mjomba wako


Magofuni
1 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa mama. Shuka ni za nyumba ninazolala njiani, nalipia kitanda kwa sindano.

Nimefika. Kifua kilinisumbua kidogo, lakini nimepanda ngazi zote mia tatu. Huku juu upepo hauna adabu, ulinivua kilemba mbele ya watu. Kuta ni nene, mtu analala juu yake bila kuogopa kuanguka, na kutoka hapo unaona tambarare yote uliyotuchorea, pamoja na mto.

Na kiti nimekikalia. Kiko pale ulipokiacha, upande wa kushoto wa lango. Jiwe ni la baridi hata mchana. Nilifumba macho, na kidole gumba kikaingia kwenye mfereji bila kutumwa, kama ulivyosema. Nilikaa kwa niaba yako mpaka mlinzi akanitoa. Wasomee kwa kinyozi. Mwambie Swali nimefika.

Mpwa wako


Nyumbani
20 Julai

Mpwa wangu,

Mama yako hajambo, mimi hivyohivyo. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana mara tatu. Hii ya nne nisipoichana utaisoma.

Barua yako ya magofu niliifungua kwa kinyozi kama kawaida. Watu walikuwa wengi, wengine wamesimama mlangoni. Mwalimu mkuu alikuwa kwenye kiti cha kunyolea, kitambaa shingoni. Nilisoma ngazi, nikasoma upepo. Nilipofika kwenye kiti nilirudia mstari mmoja mara mbili, wakadhani ni furaha. Walipiga makofi, na walikuwa wananitazama mimi, si karatasi. Swali peke yake hakupiga. Alikuwa anatazama nywele sakafuni. Nami nikamalizia kusoma, kila neno, kisha nikainama kuwashukuru.

Mama, kiti kile nilikitunga mimi.

Zamani nilichaguliwa kweli, mimi na walimu wengine wanane, kulivuka bara na kurudi kuwasimulia watoto. Mtaa mzima ulinisindikiza. Lori letu lilikufa siku ya nne, kabla hata ya mpaka, na safari ikafutwa. Wenzangu walirudi makwao. Mimi niliona haya kurudi na vumbi la kunisindikiza halijatua. Nikajificha miezi mitatu kwa rafiki yangu mtunza maktaba, nikisoma vitabu vya wasafiri na kuandika barua nyumbani. Stempu za kwetu nilizieleza kwa kusema posta za huko ni mbovu. Sasa unajua kwa nini nilikuwa na jibu tayari.

Halafu siku moja, saa nne asubuhi, mbele ya wanafunzi arobaini, mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulifika?" Nikasema nilifika. Akauliza niliona nini. Nikaogopa kutaja kitu cha kitabuni, asije akakisoma mwenyewe. Nikamtungia kiti ambacho hakimo katika kitabu chochote. Miaka thelathini na moja nimekikalia.

Sikuandikii ili nikuumbue. Nina haki gani? Ni mimi niliyekuchorea njia kwa kalamu nyekundu bila kuikanyaga hata hatua moja. Nilikwambia pita kando, na hata wakati huo nilikuwa najikinga mimi, si wewe. Naona aibu hata kuandika neno Mjomba hapo chini. Lakini niambie uko wapi. Barua yako hiyo sitamsomea mtu.

Mjomba wako


Chumba namba saba, mpakani
9 Agosti

Mjomba,

Shikamoo, na hii naitoa kichwa kimeinama. Barua yako imekaa siku tano mfukoni mwa aproni yangu. Sikukasirika. Ningekasirika ingekuwa nafuu.

Sikuvuka. Tangu tarehe nne Februari niko hapahapa. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye dirisha la ofisi ya mpaka. Wala hakuna aliyenizuia. Karatasi zangu zilikuwa safi. Ofisa aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nikasema, "Kutazama." Akasema, "Kutazama nini?" Hakuwa mkali, alitaka tu kujaza fomu yake. Nyuma yangu walikuwepo watu wanaokwenda kuzika, wanaokwenda kuuza, na binti mmoja mjamzito anayekwenda kujifungulia kwa mama yake. Nikatafuta jibu, nikajiona: mtu mzima, ameacha cherehani na wateja wake, anakwenda kutazama. Uso ukaniwaka. Nikasema kuna kitu nimesahau chumbani, nikatoka kwenye foleni. Nimekisahau mpaka leo.

Nilidhani nitarudi kesho yake. Kesho yake mwenye nyumba akaleta shuka nane. Basi wageni ndio walionisafirisha. Mpiga picha mmoja nilimbadilishia zipu, akanipa ziwa. Muuguzi mstaafu alinipa ngoma iliyochanika huku nikimpunguzia sketi. Magofu na ngazi zake nilipewa na kijana wa chuo kwa kumkazia vifungo vya koti. Wote niliokutana nao waliotoka kule niliwauliza kiti. Hakuna aliyekiona. Na mimi, Mjomba, niliwadharau. Nilisema moyoni, hawa wamefika lakini hawajui kutazama, mjomba wangu ndiye aliyeona. Hilo linaniuma kuliko uongo wangu mwenyewe.

Mwambie mwalimu mkuu asibandike kitu. Mama usimwambie bado. Uso wangu sijui nitauweka wapi. Nikirudi nitapitia uchochoro wa nyuma ya mashine ya kusaga, mchana wakati watu wanakula.

Mpwa wako


Nyumbani
2 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba, na inua kichwa.

Mama yako nimemwambia. Siwezi kumficha mtu mwenye miwani. Aliivua, akaifuta kwa kanga, akasema barua zangu za zamani alijua ni za uongo tangu ya kwanza, kwa sababu ndani yake nilisifu chakula, na mimi tangu nizaliwe sijasifu chakula cha mtu. Miaka yote hiyo amekaa na siri hiyo. Za kwako hakuzijua, na ndizo zilizomliza.

Jumamosi nilikwenda kwa kinyozi. Yako sikuisoma, ahadi ni ahadi. Nilisoma yangu. Katika zile tatu nilizochana, moja nilikuwa nimeigundisha. Nilisimama pale ninaposimama siku zote nikasoma kuhusu lori, maktaba, stempu na kiti. Nikasema na barua za mpwa wangu zihesabiwe kosa langu, kwa maana aliyepewa ramani ya uongo hapotei kwa kupenda.

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke. Mwalimu mkuu alivua kitambaa shingoni akatoka na upande mmoja wa kichwa haujanyolewa, na tangu siku hiyo tukikutana anaangalia saa. Kinyozi aliendelea kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Kisha Swali akanyoosha mkono, na mvi zake zote, kama darasani. Nikamwambia sema. Akasema, "Mwalimu, mimi nilifika."

Akaeleza kwamba miaka kumi na sita iliyopita alipeleka mzigo upande ule, akaliacha lori chini ya kilima, akapanda. Alikitafuta kiti kutwa nzima. Alidhani kimeibwa. Aliporudi, watu walimuuliza mbele yangu kama amekikalia, naye akanitazama usoni, akasema amekikalia. Ndiyo maana alikuwa anauliza kila siku utafika lini. Alitaka uje useme hakipo, yeye apumzike. Siku ile aliyorudi naikumbuka. Nilimshika mkono mbele ya watu nikampongeza, mpwa wangu. Nilijua anadanganya kwa sababu yangu, na nikampongeza.

Basi tulikuwa watatu tumebanana kwenye kiti ambacho hakuna aliyekichonga.

Injini yake imepona. Mwisho wa mwezi anapita hapo mpakani na atauliza Namba Saba. Ukitaka kurudi, subiri, baada ya wiki tatu atakuwa anageuza, na utapita barabara kubwa pamoja na mimi, si uchochoroni. Ukitaka kuvuka, kiti cha pembeni kiko wazi. Mimi sikuchorei tena mstari.

Mjomba wako


Juu ya kilima
14 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo, wewe na mama. Tazama stempu kwanza. Kisha mpe kinyozi naye aitazame, kwa karibu.

Ofisa alikuwa yuleyule. Aliniuliza nakwenda kufanya nini, nikamwambia, "Kutafuta kiti ambacho hakipo." Akaandika matembezi, akagonga muhuri, akaita mwingine. Hakuinua hata kichwa. Miezi minane nilimwogopa mtu ambaye hakuwa ananisikiliza.

Ngazi si mia tatu. Ni mia mbili na kumi na nne, nimezihesabu kupanda na nitazihesabu kushuka. Yule kijana wa chuo ama alichoka kuhesabu ama alinidharau. Swali amebaki chini na lori lake, anasema mara moja ilimtosha. Upepo hakuna kabisa, jua linachoma, na kilemba changu kimetulia kichwani. Kuta ni nene kweli, lakini juu yake hapalaliki kwa sababu mlinzi ameanika nguo zake. Shati lake moja lilikuwa limefumuka kwapani. Nimemshonea, naye akaniacha nikae nitakavyo.

Lango lipo. Nilisimama kwanza nikaona haya kugeuka kushoto, kana kwamba watu wote wa kwa kinyozi wako nyuma yangu. Kisha nikageuka. Pana majani makavu na mawe madogomadogo ya kawaida, na chungu wanapita. Nilitazama vizuri. Nilitazama kwa niaba ya sisi sote watatu.

Kiti hakipo, Mjomba. Nimekaa chini palepale, na hii unaweza kuisoma kwa sauti.

Mpwa wako